Mtoto Aliyeitika kwa Midomo Miwili

Maimuna aligundua kuwa amebakiwa na mtoto mmoja wakati watoto wake wote wawili wamesimama mbele yake.

Ilikuwa asubuhi ya kufua. Alikuwa amemshika Hidaya mkono, anataka kumvalisha gauni safi, ndipo akaiona shingo. Ilikuwa nyeusi ti. Jasho na vumbi la mashamba ya alizeti vimegandiana kwenye mikunjo, utasema mtoto hajaguswa na maji tangu mwezi uandame.

"Wewe! Hivi jana ulioga kweli?"

"Nilioga, mama."

"Ukaoga na shingo hii? Unanidanganya mimi?"

"Nilioga. Ulinisugua na dodoki mpaka nikalia. Ukasema ninyamaze, majirani watadhani unanichinja."

Maneno aliyoyasema Maimuna jana yalikuwa hayo hayo. Ila aliyesuguliwa na dodoki alikuwa Tausi. Hidaya muda ule alikuwa ndani, amejilaza kwa bibi yake.

Maimuna alimtazama mtoto usoni, akitafuta ule uongo wa kitoto, wenye jicho linalokimbilia pembeni. Hakuuona. Mtoto hakuwa anadanganya. Alikuwa anakumbuka.

"Haya, na Tausi yeye alioga?" aliuliza, sauti imeshuka.

Hidaya alikunja uso kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Jibu likatoka upande wa pili, mlangoni, ambako Tausi alikuwa anatafuna chapati.

"Si nimeshakwambia nilioga, jamani mama?"

Maimuna akakaa chini, pale pale penye maji ya sabuni. Zamani walikuwa wakisema sisi. Sisi tuna njaa, sisi hatutaki kulala, sisi bibi katupa karanga. Alijaribu kukumbuka ni lini alilisikia mara ya mwisho neno "sisi" nyumbani kwake, akashindwa. Juu ya kilima, milingoti ya umeme wa upepo, aliyokuwa akiihudumia mume wake kabla ya kuhamishiwa mbali, iliendelea kuzungusha mapanga yake taratibu, na vivuli vyake vikawa vinapita uani kwake, kimoja baada ya kingine, vyote vimefanana.

* * *

Gari la kata, lile lisilo na dereva, liliwashusha kwenye Kituo cha Uzi saa ya watu kunywa chai. Maimuna alikwenda na mama mkwe wake, Bi Mwanjaa, ambaye njia nzima alikuwa anauliza kama kuna mtu aliyewahi kupelekwa hospitali kwa kosa la kutokuoga.

Mtaalamu wa nyuzi aliitwa Elineema, msichana wa miwani mwenye sauti ya chini. Aliwaweka watoto katika vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo, akawapa karatasi na rangi wachore. Kwenye ukuta palikuwa na duara mbili za mwanga, moja ya Hidaya, moja ya Tausi. Nyuma ya sikio la kila mtoto kulikuwa na kovu dogo kama punje ya mtama, na ndani ya kovu, uzi.

Maimuna alikuwa anaujua uzi kama mama mwingine anavyoijua dawa ya mwanawe. Hidaya alizaliwa na degedege ya kumkunja mpaka midomo inakuwa ya bluu. Dawa zote zilishindwa. Kisha ukaja uzi, na maelezo yake yalikuwa mepesi: kichwa cha pacha mzima kina mdundo mzuri, cha mgonjwa kina mdundo uliovurugika, basi mzima amwazime mwenzake mdundo wake, siku zote, akiwa usingizini na akiwa macho. Toka siku ile Hidaya hakuanguka tena. Maimuna aliwahi kupiga magoti mbele ya mlango wa kituo hiki na kulia kwa shukrani.

"Hidaya," Elineema aliita kwenye kipaza sauti.

Ilitakiwa duara moja iwake. Ziliwaka zote mbili, kidogo tu, kama taa zenye umeme hafifu.

"Tausi."

Vile vile. Hafifu, zote mbili.

Ndipo Bi Mwanjaa, aliyechoka kukaa kwenye korido, akasukuma mlango. "Pacha! Mtakunywa soda gani?"

Duara zikalipuka kwa mwanga. Zote, kwa pamoja, nukta ile ile. Ng'ambo ya kioo, vichwa viwili viliinuka kwenye karatasi.

"Abee, Bibi! Ya machungwa!"

Mkono wa Elineema ukabaki hewani. "Bibi, umewaitaje?"

"Pacha. Kwani wanaitwaje?"

"Nani mwingine anawaita hivyo?"

Maimuna alitaka kucheka. "Dada yangu, nani asiyewaita? Shuleni Pacha, dukani Pacha, baba yao akipiga simu anauliza Pacha hajambo. Mimi mwenyewe naitwa Mama Pacha. Jina langu nalikuta kwenye kitambulisho tu."

"Sawa. Ukimtaka mmoja, yule aliyevaa nyekundu, unamwitaje?"

"Pacha."

"Na ukimtaka yule mwingine?"

Maimuna aligeuka, akawatazama wale wawili nyuma ya kioo.

Elineema alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na uchafu. "Uzi hauna macho, mama. Hauwezi kuona kwamba hawa ni wawili. Lakini mtu akisikia jina lake, kichwa chake hushtuka kwa namna ambayo hakishtuki kwa neno lingine lolote. Uzi unautumia mshtuko huo kama watu wa shamba wanavyotumia kigingi cha mpaka. Akiitwa Hidaya, uzi unajua hapa ni kwa Hidaya, pale si kwake, nisivuke. Kila akiitwa, kigingi kinagongelewa upya. Waliousuka uzi wanaishi kwa watu ambao kila mtoto huitwa jina lake. Haikuwapitia kichwani kwamba kuna mahali ukizaa wawili, mtaa mzima unawapa jina moja. Tena kwa mapenzi."

"Kwa hiyo uzi umesikia nini?"

"Umesikia kuna mtoto mmoja, anaitwa hivyo mnavyomwita, ana miili miwili. Na umemtengeneza."

Bi Mwanjaa alitafuta kiti akakaa.

Yaliyofuata Elineema aliyasema akiwa anatazama meza. Uzi hukua pamoja na ubongo, na meno ya utoto yakianza kung'oka, nao hukaza. Ukishakaza, basi. Kuukata hakufai, maana degedege yote iliyozuiwa itarudi kwa mkupuo na Hidaya hatauona usiku. Kilichobaki ni kuinua upya ule mpaka kati ya vichwa viwili: watoto walazwe usingizi, uzi uachiwe kazi ya mdundo tu, kila mmoja arudishiwe kichwa chake. Kisha waamshwe, kila mmoja kwa jina lake.

"Na lile jina lingine lisitamkwe hata kwa bahati mbaya. Uzi unalijua kuliko majina yote. Ukilisikia, utalifuata, na ule mpaka utaanguka, nami sitaweza kuuinua mara ya pili."

"Asiyeitika jina lake je?"

"Atabaki usingizini, mama. Na mtu hawezi kukaa muda mrefu katika usingizi ule."

Maimuna aliwatazama watoto kupitia kioo. Mmoja alikuwa anachora nyumba, upande wa kushoto wa nyumba. Mwingine alikuwa anachora upande wa kulia. Jino la mbele la Tausi lilikuwa linacheza tangu Jumapili.

* * *

Alimkuta uani, kwenye mkeka, na muwa. Nasema "alimkuta" kwa kuwa alikuwa mmoja. Mdomo wa Tausi ulikuwa umejaa muwa, kwa hiyo ulioongea ni wa Hidaya.

"Mama, unataka kuniua?"

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Nilisikia. Nilikuwa nachora, wewe ukawa unaongea na yule dada wa miwani. Kioo chao chembamba."

Maimuna aliketi, akavuta miguu minne midogo juu ya paja lake kama alivyozoea. "Hakuna wa kukuua. Nataka Tausi awe Tausi, na Hidaya awe Hidaya."

"Na mimi?"

"Wewe si ndiye Tausi na Hidaya?"

"Hapana." Mtoto alisema kwa upole, kama anamfundisha mtu mzima. "Wale walikuwa watoto wadogo. Nawakumbuka. Mmoja alikuwa anaogopa jogoo, mwingine anaumwaumwa. Waliisha."

"Waliisha vipi?"

"Kama sukari kwenye chai."

Mdomo wa Tausi ulitema makapi ya muwa, ukapokea. "Mimi sijawahi kuumwa. Jogoo simwogopi. Mimi ndiye niliyejua kusoma kabla ya wenzangu wote, ukanipikia vitumbua. Umesahau? Hukuwapikia wao, ulinipikia mimi. Sasa ukinigawa, nitakwenda wapi?"

Kilichomkata Maimuna maini ni kwamba mtoto alikuwa anasema kweli. Vile vitumbua alivipika. Nyimbo aliziimba. Mwaka mzima alikuwa amempenda mtu huyu bila kujua kuwa yupo.

Jikoni, Bi Mwanjaa alikuwa anachambua mchele kwa hasira, anarusha chuya kama anawarushia watu.

"Mtoto hajaanguka degedege, anakula, anasoma, ana heshima. Unataka nini tena, mwanangu?"

"Nilizaa wawili, mama."

"Na una mmoja anayekukumbatia kwa mikono minne. Wenzio wamezika."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuwa unacheza bahati nasibu na watoto wa mwanangu." Kisha alifuta macho kwa kiganja chenye unga wa mchele. "Mimi ndiye niliyeanza kuwaita vile. Siku ya arobaini yao. Nilikuwa najidai, nina wajukuu wawili kwa mpigo."

Maimuna alitoka nje ili asimjibu. Na huko nje ndiko mambo yalikoamuliwa.

Tausi alikuwa anaruka kamba na watoto wa jirani, kule mwisho wa uwanja. Hidaya alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, mikono imelala mapajani, macho wazi. Inzi alitua kwenye kope lake. Akatembea. Akafika pembeni mwa jicho, penye majimaji, akaanza kunywa. Hidaya hakupepesa.

"Hidaya."

Hakuna.

Maimuna alimfukuza inzi, akamshika mtoto mashavu. Yalikuwa ya uvuguvugu, malaini, hayana mtu. "Hidaya, mwanangu!"

"Niache bwana, mama!" ilijibu sauti ya Tausi kutoka kwenye kamba, kwa furaha, bila kugeuka. "Huo mwili umechoka. Nitautumia kesho."

Maimuna alimbeba Hidaya mgongoni kama kichanga, akaenda moja kwa moja kumpigia simu Elineema.

* * *

Waliwekewa vitanda viwili, na kati ya vitanda nafasi ya mama kusimama. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa chumbani. Kituo kizima kilikuwa kimeonywa, hata mfagizi wa korido alijua neno gani halitakiwi. Bi Mwanjaa, asiyeuamini ulimi wake, alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga na kuing'ata. Elineema tangu mlangoni alimwita Maimuna "Mama Tausi", na Maimuna akageuka kutafuta ni mama gani huyo anayeitwa.

Kabla ya dawa ya usingizi, mtoto aliomba kitu kimoja. Aliomba kwa midomo yote miwili, kwa kuwa hakuwa na muwa wala mchezo, na alikuwa anaogopa.

"Mama, niite jina langu. Mara moja tu."

Maimuna alimtazama Elineema. Elineema alitikisa kichwa kukubali. Mpaka ulikuwa bado haujainuliwa.

Aliinama katikati ya vitanda, akapeleka mkono mmoja huku, mmoja kule. Akaliita lile jina, lile alilolipiga kelele dukani na mtoni na kwenye geti la shule, akaliita polepole.

"Pacha."

"Abee," mtoto akaitika, na machozi yakamshuka kwenye mashavu manne.

Kisha akalala.

Duara ukutani zilififia, zikabaki kama majivu ya moto. Elineema alifanya kazi kimya. Mara uzi uliokuwa umefumana ukaachana, na kwa mara ya kwanza duara zile hazikupumua pamoja. Moja ilipanda nyingine ikishuka.

"Sasa, mama. Mmoja mmoja."

"Hidaya," Maimuna aliita.

Duara ya kulia ilitikisika.

"Hidaya, amka, mama."

"Abee." Ilikuwa sauti nyembamba, ya kukwaruza, sauti aliyokuwa ameisahau. Hidaya alifumbua macho, akamtazama mama yake, akatazama dari, kisha akageuza shingo kwenye kitanda cha pili. Akakitazama muda mrefu.

"Mama, yule nani?"

Bi Mwanjaa aliguna ndani ya kanga. Maimuna hakujua kama aogope au afurahi. Maana hakuna mtu anayejitazama mwenyewe akauliza yule nani.

"Ni dada yako. Anaitwa Tausi. Subiri nimwamshe." Akageuka. "Tausi."

Kimya.

"Tausi, mama. Amka."

Duara ya kushoto haikutikisika. Ilikuwa inashuka, taratibu, kama maji kwenye chungu kinachovuja.

"Tausi! Tausi!"

"Usipige kelele, mama," Elineema alisema. "Anasikia. Ila halijui."

"Halijui jina lake?"

Na palepale Maimuna akaelewa. Hidaya alikuwa mgonjwa. Wauguzi walikuwa wakimwita kwa jina kila sindano, kila kipimo, Hidaya fumba macho, Hidaya meza, Hidaya wetu hajambo leo. Tausi alikuwa mzima. Mzima hakuitwa na mtu. Alibebwa tu akaletwa kulala kando ya mwenzake, na nyumbani alikuwa nusu ya wawili. Walimhofia mgonjwa wakasahau kuwa aliyekosa jina ni yule mzima.

Duara ilizidi kufifia. Bi Mwanjaa alitoa kanga mdomoni.

"Mwite lile, Maimuna. Lile letu. Ataamka! Nakuomba kwa jina la Mungu, mwite lile!"

"Mama, usilitaje!"

"Bora mmoja kuliko kumzika! Mwite!"

Maimuna alimtazama Elineema. Msichana alikuwa ameikazia macho duara. "Siwezi kukuamulia," alisema. "Muda upo kidogo."

Neno lilikuwa ncha ya ulimi. Tamu, jepesi, la mazoea. Lingemrudisha mtoto aliyejua kusoma, mwenye mikono minne. Na huyu wa shingo chafu anayeshangaa kitandani angeisha tena, kama sukari.

Alipanda kitandani, akamlaza Tausi kifuani, akaweka mdomo sikioni mwake.

"Nisikilize. Hili jina nilikupa mimi. Ulitangulia wewe. Ulitoka na nywele zimesimama kichwani kama kishungi cha tausi, mkunga akacheka, mimi nikasema, huyu ni Tausi. Mwenzako alikuwa bado tumboni, anasuasua. Kwa muda ule ulikuwa peke yako na mimi. Hukuwa nusu ya kitu. Hakukuwa na p..." Aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Elineema aliganda. Duara zote mbili zilitetemeka, zikatulia. "Hukuwa wa wawili. Ulikuwa Tausi. Nilikuita mara moja, nikasahau kukuita tena, nisamehe, mama. Ni jina lako. Sikumpa mtu mwingine."

Duara ilikuwa imebaki uzi wa mwanga.

Nyuma yake kitanda kililia. Hidaya alikuwa ameketi, amekunja uso kwa kukerwa, kama watoto wanavyokerwa na mwenzao anayechelewesha watu.

"We Tausi!" alifoka kwa sauti yake ya kukwaruza. "Tausi! Si unaitwa na mama! Kiziwi wewe?"

Kope zilicheza. Kifua kilivuta hewa, kirefu, mpaka mbavu zikahesabika.

"Abee."

Maimuna hakufurahi kwanza. Aligeuka haraka, moyo mkononi, akaangalia midomo ya Hidaya. Ilikuwa imefungwa. Tena imebinuka, kwa wivu.

"Mbona yeye umemwita mara nyingi?" Hidaya alisema. "Na mimi niite."

Bi Mwanjaa aliangua kilio. Elineema aliketi sakafuni, akacheka huku anafuta miwani. Maimuna akamwita Hidaya, akaitika. Akamwita Tausi, akaitika. Akarudia, huku na kule, mpaka watoto wakaanza kucheka, kila mmoja kicheko chake, kimoja kikiwahi na kingine kikichelewa.

Kisha akashuka kitandani. Kwenye ile nafasi kati ya vitanda alisimama akasikiliza, kwa kuwa alikuwapo mtoto wa tatu, aliyepikiwa vitumbua, aliyemuuliza atakwenda wapi. Alitaka kumwita na yeye. Lakini jina lake lilikuwa moja tu, na hilo asingelitamka tena maisha yake yote.